Jina la Babu Kabla ya Ubatizo

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi hapa Nakuru, nyuma ya mama mzee kutoka Sachangwan.

"Mathe, unadai shamba gani?" karani akamuuliza.

"Sidai shamba. Natafuta jina la babu yangu."

Babu huyo, alieleza, alikuwa kati ya waumini wa kwanza wa kanisa la Brethren kwao. Alipobatizwa aliacha jina la kuzaliwa, na hakulitamka tena. Lakini mtoza kodi wa mkoloni alikuwa ameshaliandika, kwenye shamba la mzungu alikoishi.

"Hayo makaratasi ni ya zamani. Rudi wiki ijayo."

"Nimechoka kurudi. Leo nakaa."

Akavua viatu, akaketi kwenye benchi. Karani akamtazama, akapumua, akaenda kuleta daftari la kodi. Alipitisha kidole kwenye majina ya shamba hilo la mzungu, akalipata kwa jina la baba wa huyo babu lililoandikwa kando, akalisoma.

Mama akasimama wima. "Soma tena, kwa sauti. Kitukuu wangu amezaliwa Lanet, na hajapewa jina."

Karani akasoma tena. Sijawahi kumshukuru mtoza kodi, lakini siku hiyo nilikaribia.

"Na mtoto naye akibatizwa akaliacha?" karani akatania.

"Ndiyo maana nakwambia, weka hilo daftari vizuri."