Samaki Kumi na Wawili wa Nyangwe

Nitaungama mwenyewe, maana Kasongo yote imeshanicheka. Mimi ndiye ninayegawa urithi wa marehemu mtaani kwetu. Basi binti yangu Zuhura akanisomea hesabu aliyopewa kwenye shule ya Wabelgiji: "Baba anatoka soko ya Nyangwe na samaki kumi na mbili. Iko na mutoto mwanaume moja na wabinti wawili..."

Sikumwacha amalize. "Mwanaume sita, kila binti tatu. Andika!"

"Lakini baba, mimi nilipata kila mutoto nne."

"Futa!" Nilifoka mpaka akalia. Nne! Mtoto wa darasa la tatu anifundishe mimi kugawa?

Kesho yake akarudi na alama nyekundu ya kosa. Hasira zikanipanda. Nikavaa kanzu ya Ijumaa, nikaingia darasani bila hodi, nikamfokea mwalimu mbele ya watoto wote: mwanaume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, hujui hata hilo?

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua kaye, daftari la hesabu la Zuhura.

"Pole na musiba, muzee," akasema. "Lakini huyu baba alikufa saa ngapi? Hapa naona anatoka sokoni."