Kikumbusho Kilichomzika Mama Paskali

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana mimi mwenyewe nikikumbuka siku ile najifunika uso kwa khanga hata kama niko peke yangu chumbani. Nilimzika mtu mzima mwenye akili zake, anayekula na kuongea, na nilimzika kwa simu, kwa kidole kimoja.

Ofisini kwetu Kanyenye, mjini Tabora (shirika letu ni dogo, tunawashawishi wakulima wa tumbaku wafuge na nyuki) tuna kalenda ya pamoja iliyomo kwenye simu ya kila mmoja wetu. Ukiandika tukio humo wote wanaliona, na siku moja kabla simu zote zinalia kukumbusha. Kazi ya kuandika matukio ni yangu mimi, Tatu, na niliringa nayo kwelikweli, maana hata meneja wetu, Mzee Kasubi, haendi mahali bila kuuliza, "Tatu, kalenda inasemaje?"

Sasa mwenzetu mmoja, Paskali, mama yake anaishi Goweko, anaitwa mama Nyamizi. Alikuwa ameumwa sana, akalazwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na sisi tukakubaliana kikaoni kwamba Jumamosi ofisi nzima twende kumjulia hali. Paskali alikuwa Urambo kwa wakulima, angekuja moja kwa moja kutokea huko. Mimi nikajitolea kutangulia Ijumaa nimsaidie dada yake, Esta, mapishi ya wageni.

Alhamisi jioni natoka ofisini, nina haraka ya kwenda kusuka, ndio nakumbuka sijaliandika lile tukio. Na kuandika tukio jipya kuna kazi, uchague watu mmoja mmoja, uweke saa, uweke gari, ujaze maelezo, nikaona uvivu. Lilikuwepo tukio la nyuma, tulipokwenda kumzika mjomba wake Mzee Kasubi, lina kila kitu ninachokihitaji, ofisi nzima imo, gari limo, hata dereva yumo. Nikalinakili. Nikabadili jina la mhusika, mahali na tarehe, nikahifadhi, nikaenda zangu kwa msusi nikijiona mjanja. Lile neno la kwanza kabisa, la juu, sikuligusa, na kule chini kwenye maelezo sikufika.

Ijumaa mchana niko kwenye basi la kwenda Goweko, simu ikalia. Nikaona ni kikumbusho cha kalenda, nikakiondoa bila kukisoma (kitu nimeandika mwenyewe, nisome nini tena?), halafu nikazima data kwa sababu bando lilikuwa linaishia. Na huko kwa kina Paskali mtandao ni wa kubahatisha, mpaka utoke ukasimame karibu na reli. Basi mimi na Esta tukapika, tukapiga soga, nikalala usingizi mtamu ambao sijaupata tena kwa muda mrefu.

Asubuhi mama Nyamizi alikaa uani kwenye mkeka anamenya karanga taratibu, rangi imeanza kumrudi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wenzako wanafika saa ngapi? Nisije nikakutwa hivi sijabadili nguo."

Nikamwambia wako njiani.

Gari lilipofika nilikuwa jikoni napepeta mchele. Nikasikia mtu analia, kile kilio cha msibani kinachopanda na kushuka, na nikaitambua sauti ya Farida, mhasibu wetu, ambaye kwa kulia msibani hana mpinzani Tabora nzima. Kwa kweli nilidhani amefiwa jirani. Nikatoka na ungo mkononi. Nawaona wanawake wote wa ofisini wamejifunga khanga kiunoni, wanaume wameinamisha vichwa, Mzee Kasubi kavaa koti jeusi na kashika shada la maua kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kichanga, na nyuma yake inashuka kwaya. Ndiyo, kwaya, kwa sababu maelezo ya ule msiba wa zamani yalisema shada lichukuliwe na kwaya iarifiwe, na wenzangu ni watu wanaotii kalenda.

Farida aliingia uani mikono kichwani, macho kayafumba, akajitupa chini mbele ya mkeka. Alipofumbua macho akakutana uso kwa uso na mama Nyamizi. Kilio kikakatika katikati ya neno. Akarudi nyuma kwa makalio hadi akaugonga mtungi wa maji, na mwanakwaya mmoja akatimua mbio kuelekea barabarani, na ninavyojua mimi alirudi mjini kivyake.

Mama Nyamizi akaziweka karanga chini. "Mnamlilia nani?"

Wakatazamana. Akalitazama lile shada, lilikuwa na utepe mweupe wenye maandishi, akamwambia Esta amsomee. Esta akasoma kimyakimya.

"Soma nisikie."

"Pumzika kwa amani mama yetu Nyamizi."

Mama akauliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu, "Kwa hiyo mimi nimekufa lini?"

Mzee Kasubi akatoa simu mfukoni, akaitazama, akaniletea nisome. *Mazishi: mama yake Paskali. Goweko, Jumamosi.* Na chini yake jina la aliyeandika, yaani mimi. Ungo ukaniponyoka, mchele wote ukamwagika kwenye vumbi.

"Tulijua mama anaumwa," Mzee Kasubi akasema. "Tulipoona mazishi tukajua ameshindwa. Wewe hupatikani, Esta hapatikani. Tungefanyaje, Tatu?"

Nikapiga magoti mbele ya mama nikaanza kuomba msamaha, maneno yenyewe hayaeleweki, lakini yeye hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anawatazama wageni mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza, "Paskali naye anayo hiyo kalenda?"

Jamani, mimi nilikuwa sijamfikiria Paskali. Nilikuwa nafikiria aibu yangu.

Mzee Kasubi akavua kofia. "Alinipigia jana. Akaniuliza, mzee, ni kweli? Nikamwambia jikaze mwanangu, kesho tuko wote. Nilidhani ameshaarifiwa na ndugu."

Na mnajua desturi zetu, mtu aliye mbali haambiwi msiba wazi, anaambiwa tu mama hajisikii vizuri, njoo nyumbani. Kwa hiyo kila Paskali alipopiga nyumbani akatukosa, alizidi kuamini kwamba wanamficha.

Mama akajaribu kusimama, miguu ikakataa. "Nipelekeni barabarani. Mwanangu ana presha."

"Utaanguka, mama," Mzee Kasubi akamwambia, kisha akanigeukia. "Nenda wewe."

Nilikimbia hadi relini nikampigia, simu yake imezimwa. Nikasimama barabarani juani, nywele zangu mpya zimejaa vumbi, kila gari linalotokea natamani liwe lake na hapohapo naomba lisiwe lake. Mwisho likaja lori dogo limebeba wakulima wa Urambo, waliamua kumsindikiza, wengine wameshika kuku wa kupeleka msibani. Paskali alikaa mbele. Alishuka kabla gari halijasimama vizuri, macho mekundu, shati lilelile la kazini.

"Paskali, mama yuko hai," nikamwambia. "Ni mimi niliyekosea kuandika. Mama mzima kabisa."

Akanishika bega. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Dada Tatu, nakuomba. Mimi ni mtu mzima, usinibembeleze. Niambie tu wamemlaza wapi, ndani au kanisani?"

"Nakuapia Paskali, yuko uani."

"Sawa," akasema, kama unavyomwitikia mtu aliyechanganyikiwa, akanipita.

Nikamfuata. Tulipokunja kona ya nyumba, mama alikuwa kwenye kiti, wanakwaya wawili wamembeba na kiti chake wamemsogeza mbele, maana alikataa kabisa kumngojea ndani. "Paskali, baba," akamwita. Paskali akasimama. Akashika ukuta. Akateleza nao taratibu mpaka akakaa chini, na wanaume wawili wakamkimbilia wakidhani ameanguka, akawasukuma, akatambaa kwa magoti hadi kwa mama yake, akaweka kichwa mapajani pake akawa anasema, "Mayo, mayo," ndivyo Wanyamwezi tunavyomwita mama. Safari hii walilia hata ambao hawajui kulia. Farida ndiye aliyenyamaza.

Baadaye watu walikula, maana chakula kilikuwepo na kuku wameongezeka. Mzee Kasubi akajaribu kutuliza hali, akasema mtu akizushiwa kifo huishi miaka mingi. Mama Nyamizi akamjibu, "Basi mngekuja kunizushia kabla sijaugua." Hatukujua kama tucheke au tuiname, tukainama.

Paskali hakunitukana. Afadhali angenitukana. Jioni wakati wa kupanda gari alinipa mkono tu akasema, "Yameisha, dada," na mimi nikajua hayajaisha.

Nimeapa sinakili tukio tena maishani. Kila moja naliandika upya, na kabla sijahifadhi namsomea Farida kwa sauti kuanzia neno la kwanza, hata kama ni kikao cha kawaida cha Jumatatu, hata kama ananiona kero. Lakini kiapo changu hakimsaidii Paskali. Simu zetu zikilia kwa pamoja pale ofisini, wenzangu wanatazama kalenda wanaendelea na kazi, yeye anashika kwanza meza kwa mikono miwili, anavuta pumzi, ndipo anasoma. Mimi huwa siwezi kukaa nikamtazama. Natoka nje, nasingizia nakwenda kununua vocha.