Kanzu Kumi na Saba za Mzee Mahmudu

Siku hizi barazani kwa Mzee Mahmudu, fundi wa nguo wa mtaa wa Yoba mjini Gitega, hakuna anayekosoa mshono wa mtu. Ukimya huo aliuacha mwanawe, Dokta Chabani.

Miaka ya vita, madaktari wengi walipokwisha kukimbia, Chabani alibaki Gitega akipasua wagonjwa na kufundisha vijana waliotoka chuoni. Kufundisha hakukuwa na mshahara. Malipo alijitungia mwenyewe: kila mwanafunzi amshonee Mzee Mahmudu kanzu moja, kwa mkono, kwa sindano iliyopinda ya hospitali. Mzee akikosa cha kulaumu, Chabani anatia sahihi karatasi ya kumruhusu mwanafunzi kupasua peke yake.

Mwaka wa tisini na nane alikuja Ruth, Mkongomani wa Bukavu. Hospitali ya Muyinga, mbali kaskazini, ilikuwa ikimngoja. Kule hapakuwa na daktari wa kupasua, na mama aliyekwama kujifungua alipakiwa kwenye lori mpaka Gitega, wengine hawakufika. Bila sahihi, Ruth asingeweza kwenda.

Kanzu ya kwanza, Mzee aliivuta kidogo tu, ikafumuka kwapani.

"Binti yangu, hii iko inacheka."

"Mzee, mi nilisomea udaktari, si ufundi."

"Basi na tumbo la mgonjwa wako litacheka hivyohivyo," akadakia Chabani. "Anza tena."

Ya pili aliikaza kwa hasira hadi kitambaa kikakunjamana kama uso wa mtu anayelia. Chabani hakucheka.

"We Ruth, nyama ukiikaza hivi inakufa. Ikutanishe tu, usiinyonge."

Ya tatu Mzee aliivaa siku ya Idi. Watu waliswali uwanjani, na Ruth, mtoto wa mchungaji, alisimama pembeni akimwomba Mungu wake alilinde kwapa la Mwislamu. Mzee aliinama, akasujudu, akainuka. Baada ya swala akamjia, mikono yote miwili juu.

"Docteur, mshono uko wapi? Mi siuoni!"

Chabani akatia sahihi palepale, karatasi ikiwa mgongoni mwa baba yake. Wiki ile Ruth akaondoka na msafara wa magari ya Muyinga.

Vita vilipokwisha, aliandika barua: huku wamepata fungu la kumlipa daktari anayefundisha, je, mwalimu wake atakuja? Chabani alisita kumwacha baba.

"Nenda," alisema Mzee. "Kanzu ninazo kumi na saba. Nitazimaliza lini?"

Sasa Dokta Chabani anaishi Muyinga, nyumba ya pili kutoka hospitali, na kila Jumanne anafundisha kushona.