Dari ya Eda

Pale Bungu, kwenye kibanda cha chapati, niliambiwa kwamba mjane akikanyaga au akivuka maji ya mafuriko kabla eda haijaisha, siku zote alizokaa zinafutika. Anaanza upya, kana kwamba marehemu kafa jana. Niliamini kabisa, mimi mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokisomea masomo ya jioni! Baba tulikuwa tumemzika juzijuzi tu, na mto ulishaingia kwenye migomba ya mama.

Nilipomweleza mama, alishika kichwa. "Nimlie mara moja, mwanangu, nimalize. Ya pili sina machozi."

Basi nikaamua kugeuza dari kuwa chumba. Marehemu aliijenga kwa boriti za mkoko, juu ya sebule, ya kuwekea mpunga. Nilishusha magunia, nikapigilia mbao, nikatoboa dirisha chini ya paa, nikaunda ngazi. Kwa nyundo zile, wallahi, viboko wa Rufiji nzima walihamia Mafia. Nikamwita mama aje aone ghorofa yake.

"Ghorofa ya kuingia kwa magoti? Umenifanya popo."

"Popo wa kwanza mwenye dirisha, mama."

Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Maji yakaingia ndani, yeye akabaki juu. Mchana bati lilikuwa la kuokea mikate. Nilimpelekea chakula kwa mtumbwi, nikimkabidhi kwenye ngazi. Siku moja nikamkuta anachokoa punje za mpunga zilizobaki kwenye nyufa za mbao, anazitia ndani ya kofia ya baba.

"Hizi alizipanda yeye," alisema.



Maneno yake yakawa yanapungua kila nikienda. Nikamchukua shehe aliyetuzikia baba, aje amwombee dua. Alipanda ngazi, akamsalimia, akakitazama kile chumba, kisha akaniuliza kwa nini mama hayuko kwangu Mtunda, kwenye nchi kavu, waliko dada zangu. Nikamweleza habari ya maji na eda.

Shehe akatikisa kichwa.

"Hakuna kitu hicho, mwanangu. Siku za eda hazifutwi na maji. Nyumba ikiwa na hatari, mjane anahamia penye usalama, anamalizia huko huko. Mama yako angekuwa na wanawe siku zote hizi, wa kulia naye."