Kusimama Tu

Muuguzi wa chumba cha vidonda alikuwa na miguu ambayo nyumba nzima iliijua kama inavyomjua mzee mkorofi: jioni ikifika, sharti ibembelezwe. Aliketi jikoni, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Ndivyo mdogo wake alivyomkuta, siku moja kabla ya kesi.

Mdogo wake alikuwa mpelelezi. Kituoni walimwita Mpole, wala hawakuwa wakimdhihaki. Hakuwahi kumwinulia mtu mkono wala sauti. Mama yao alipofariki, muuguzi ndiye aliyemlea, akimbeba mgongoni huku anasomea mitihani ya chuo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Sikuja kula."

"Basi leo kuna makubwa."

Mpole akavuta kigoda. "Kesho wakikuuliza, sema miguu ya yule fundi ilivimba kwa maradhi. Figo, moyo, chagua mwenyewe. Nani atakubishia?"

Fundi huyo alikuwa mchomeleaji wa mageti, aliyekamatwa kwa wizi wa nyaya za shaba. Mpole alimsimamisha akitazama ukuta, usiku na mchana, na kila alipofumba macho, askari aligonga meza kwa kijiko. Hakupigwa hata kofi. Mwishowe alikiri. Sasa mahakama ilitaka kujua kama ungamo lile lilitoka kwa hiari au kwa mateso, na aliyempokea fundi kutoka kituoni alikuwa muuguzi.

Kanuni ya kituo ni kwamba mahabusu avuliwe mkanda na atolewe kamba za viatu, asije akajinyonga. Fundi alikuwa na viatu vizito vya kazini visivyo na kamba. Hakukuwa na cha kutoa, wakamwacha navyo. Alipofikishwa zahanati, viatu viligoma kutoka. Muuguzi alivikata kwa mkasi, taratibu, na soksi ikaja na ngozi ya kisigino. Fundi hakupiga kelele. Alipitiwa na usingizi mkasi ungali unatembea, na hilo ndilo lililomtisha muuguzi kuliko kidonda.

"Mlimtesa," alisema sasa.

"Nani kamtesa? Kusimama tu! Wewe umesimama zahanati maisha yako yote. Umemshtaki nani, mganga mkuu?"

Muuguzi akacheka bila kupenda. Mtoto yule alikuwa na ulimi tangu utotoni.

"Na kama aliiba kweli?" Mpole akaendelea.

"Huenda aliiba. Mimi sijui. Wewe unajua?"

"Si alikiri?"

"Kwa hali ile angekiri hata kuiba mwezi."

Mpole alisogeza kigoda karibu na beseni. Aliposema tena, utani ulikuwa umemtoka. "Dada, wakisema ni mateso, kazi sina. Pengine nitafungwa. Wanangu unawajua. Damu ni nzito kuliko maji."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Muuguzi akaomba taulo lililotundikwa kwenye msumari wa mlangoni. Mpole hakumpa; alipiga magoti akamfuta mwenyewe, kidole baada ya kidole, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Kisha akalirudisha taulo msumarini, akaaga.

Mahakamani, wakili wa serikali alikuwa kijana mchangamfu. "Wewe muuguzi husimama kutwa kazini, sivyo?"

"Ndiyo."

"Je, unateswa?"

Watu wakaangua kicheko. Muuguzi alishika ukingo wa kizimba. Usiku hakulala, na miguu ilikuwa imeanza kumuuma.

"Mama," hakimu akasema, "ukichoka, omba kiti."

Alimtazama mdogo wake. Mpole alikuwa ameinamisha kichwa, shati limenyooshwa vizuri.

"Mheshimiwa, naomba kiti."

Karani akakileta. Muuguzi akaketi, akangoja pumzi zimrudie.

"Mimi nikichoka naomba kiti, napewa," alimwambia wakili, kwa sauti ya mtu ambaye hakupenda kusema. "Nikisinzia, naambiwa nenda nyumbani. Fundi aliniambia aliomba kukaa mpaka ulimi ukamkauka. Aliteswa, bwana wakili."

"Hata kama hakuguswa?"

"Hata kama hakuguswa."

Hakuna aliyecheka. Ungamo lilikataliwa, na kabla wiki haijaisha Mpole alisimamishwa kazi akisubiri kushtakiwa. Mke wa Mpole aliacha kupokea simu za wifi yake. Kazini wengine walimpongeza muuguzi, naye akawaomba wamwache afunge vidonda.

Jioni ya siku ile ya ushahidi alichemsha maji kama kawaida, akaketi, akaitumbukiza miguu. Alipomaliza ndipo alipoliona taulo, kule mlangoni kwenye msumari, lilipoachwa na Mpole. Alilitazama kwa muda. Kisha akaitoa miguu kwenye beseni, akaiweka sakafuni, akaiacha ikauke yenyewe.