Swali Langu Kabla ya Ubatizo

Kila nipitapo sokoni Kilifi nikasikia harufu ya korosho zikikaangwa, namkumbuka mama na siku aliyonirudisha kwa mwalimu wa ubatizo.

Nilikuwa nimemuuliza mwalimu, mbele ya wenzangu, kama Mungu aliumba watu kwenye nyota nyingine. Akasema hilo ni swali la wasioamini, na kwamba sitabatizwa. Nilifika nyumbani nikilia. Mama aliepua karai la korosho, akanifuta machozi kwa pindo la leso yake, akanishika mkono tukaondoka.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema mlangoni mwa kanisa, mwalimu alipokuwa ameketi kwenye benchi. “Mtoto hajamkana Mungu. Anauliza tu kazi yake imefika wapi.”

“Marahaba, mama. Lakini Maandiko hayakutaja watu hao.”

“Hata mkorosho hayakuutaja, na twajua ni nani aliyeuumba.”

Mwalimu akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, “Mimi nami niliuliza hivyo nikiwa mdogo. Nilichapwa.”

Akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi kando yake, akaniambia niulize tena.