Kengele ya Namba Saba

Kwenye ukuta wa ofisi yetu ya Butembo, katika nyumba moja ya biashara ya kahawa, nilibandika jedwali la alama za kompyuta, mashine tuliyoandikiana nayo na tawi letu la Beni. Kila herufi ina namba yake, na mashine mbili zisipofuata jedwali moja haziandikiani sawasawa. Mwenzangu wa Beni alipoandika Kifaransa, kila é yake ilinifikia kama mabano. Tulicheka, tukazoea. Lakini namba za mwanzo si herufi, ni amri, na hizo zilikuwa sawa kwake na kwangu. Namba saba ni kengele. Haiandiki kitu kwenye skrini. Inalia tu, ti, basi.

Maandishi yetu yalipita kwa redio iliyounganishwa na kila mashine, na vita ilipofika Beni tuliyapunguza, maana wanajeshi walipenda kusoma ya watu. Kila asubuhi mwenzangu alinipigia kengele mara mbili, kusema yuko mzima. Mke wake, aliyebaki Butembo na watoto, alipita ofisini akienda sokoni, akaisikia, akaniaga akicheka.

Kisha Beni ikanyamaza.

Mama yule alikaa kwenye kiti cha wateja, kikapu magotini, mpaka saa sita. Kesho yake akarudi.

"Shemeki, kengele hapana kulia?"

Midomo ilikuwa imemkauka. Roho iliniuma. Nikamgeuzia mgongo kama mtu anayetengeneza waya, nikabonyeza kengele ya mashine yangu mwenyewe, mara mbili. Ti, ti. Mashine haijali nani ameiamuru.

"Merci, Mungu!" akasema, akafanya ishara ya msalaba, akaenda kuuza viazi vyake.

Nilijiambia ni ya siku moja. Lakini kumnyima kengele kesho yake kungekuwa kama kumwambia amefiwa, nami sikujua kama amefiwa. Woga wangu nikauita huruma. Nikapiga tena, na kesho yake tena. Hata kaka wa mama yule, mwenye pikipiki, alipokuja kumchukua waende Beni kumtafuta mumewe, mama alimkatalia mbele yangu:

"Mais, bwana yangu iko muzima! Naisikia kila asubui."

Hapo ndipo iliponipasa kusema ukweli. Nilijifanya nasoma jedwali.

Habari ililetwa na dereva wa lori. Wanajeshi walikuwa wamechukua redio, mwenzangu akakimbilia kijiji cha Mavivi, akaugua huko katika nyumba ya watu asiowajua.

"Alikuwa anauliza kila siku kama bibi yake, mama ya batoto, iko anakuya," dereva alisema.

Walimzika Jumamosi. Jumatatu yake mimi nilikuwa bado nampigia mkewe kengele.

Matanga yalipokwisha, alikuja ofisini akakaa kwenye kiti kile kile, bila kikapu. Nilianza kumweleza mambo ya redio na mawimbi, upuuzi mtupu. Akanikatiza.

"Liza ile kengele, nisikie."

Redio ya Beni haikuwepo tena, na sote wawili tulijua. Nikabonyeza mbele ya macho yake. Ti, ti.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama asubuhi zile zote.

"Tena," akasema.

Nikapiga tena.